Mapengo Kwenye Trei

Mashine ilipofika ilibidi fremu ya mlango ing'olewe. Wabebaji waliisukuma huku wakitukanana kwa sauti za chini, maana walikuwa wameonywa kwamba ndani ya maabara hakupigwi kelele. Mlango ule ulikuwa haufungi vizuri miaka nenda miaka rudi. Wafanyakazi waliomba urekebishwe mpaka wakachoka kuomba. Ilipokuja mashine, mlango ulivunjwa na kujengwa upya siku hiyohiyo, na kitasa kipya juu. Haya, mwenye macho haambiwi tazama.

Wanawake wawili walisimama ukutani kupisha njia. Mmoja aliitwa Taratibu, mwingine Chapuchapu. Wazazi wao hawakuwapa majina hayo. Waliyapata kwenye meza ya kazi, yakawaganda mpaka mlinzi wa getini naye akawa anayatumia. Walikuwa mawifi: Chapuchapu alikuwa dada wa mume wa Taratibu, nao waliishi nyumba moja, wakitoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni.

Kazi yao ilikuwa kudonoa. Maabara ile ilitafuta dawa kwenye udongo. Wenye elimu zao waliukoroga udongo kwenye maji, wakayatandaza maji hayo kidogo juu ya sahani zenye jeli, wakaziweka sahani kwenye kabati la joto. Baada ya muda, juu ya jeli viliota vipele: vyeupe, vya manjano, vingine vya rangi ya chai iliyopoa. Kitaalamu huitwa koloni, lakini mezani viliitwa vipele, na kila kipele ni ukoo mzima wa bakteria waliotokana na mmoja. Mdonoaji anachukua kijiti kisafi, anagusa kipele kimoja kilichojitenga, anakichovya kijiti kwenye kitundu kimoja cha trei yenye vitundu vingi, anakitupa, anachukua kingine. Hivyo kuanzia asubuhi mpaka saa ya kutoka. Ni kazi ya kukaa, kwa hiyo watu wa nje walidhani ni kazi rahisi.

"Na hii inafanya nini?" Chapuchapu aliuliza.

"Inadonoa," fundi wa mashine akamjibu. Alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na kikohozi, aliyekuja na mashine kama mtu anayemsindikiza bibi harusi.

"Basi ni kuku."

Watu wote wakacheka, hata wabebaji. Jina likakaa papo hapo. Mpaka mchana watu wa ghorofa ya juu walikuwa wanateremka kuja kumwona Kuku, na Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni akiwaonyesha kana kwamba ni wa kwake.

Mkuu wa maabara aliwaita wawili hao ofisini baadaye. Alikuwa mama mwenye sauti laini, aliyezoea kukupa habari mbaya kama anayekukaribisha chai. Aliwaambia kwamba Kuku anafanya kwa saa moja kazi yao ya siku nzima. Aliwaambia pia kwamba Kuku atahitaji mtu wa kumwekea sahani, kumtolea trei na kumwangalia asikosee. Mtu mmoja.

"Mmoja," Taratibu akarudia.

"Mmoja. Sitaki kupendelea. Tutawapa sahani za udongo uleule, wewe, mwenzio na mashine. Ambaye trei yake itakaribiana zaidi na ya mashine, huyo ndiye jicho lake linafaa, atabaki."

"Tunapimwa na kuku," Chapuchapu akasema, kwa namna ya mzaha.

Mkuu wa maabara akatabasamu kwa adabu. Hakuna aliyemwambia jina la utani, kwa hiyo hakuelewa.

* * *

Nyumbani waliwakuta wenzao wamekaa kama kawaida. Mume wa Taratibu alikuwa anamenya viazi. Kiwanda cha chupa alichokuwa akifanya kazi kilikuwa kimefungwa, na tangu hapo jiko lilikuwa lake. Mwanzoni majirani walimtania, naye akawajibu. Siku hizi walikuwa hawamtanii tena, na hilo lilimuuma zaidi. Mama yake alikuwa ameketi kitandani chumba cha pili, mlango wazi, miguu juu ya mto kwa sababu ya sukari iliyoanza kumla vidole. Binti wa Taratibu, mtoto mwembamba mwenye macho ya manjano, alikuwa mkekani na madaftari yake. Yeye alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Siku nyingine alicheza kama watoto wenzake, siku nyingine mifupa ilimshika mpaka akalia bila sauti.

Taratibu aliwaeleza. Mumewe aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikwisha kumenyeka.

"Mmoja ndiyo nani?" akauliza.

"Hatujui. Watatupima."

Hapakuwa na haja ya mtu kulisema lile jambo, lakini kila mtu pale ndani aliliwaza palepale. Lilikuwa jambo la kadi. Maabara iliwapa wafanyakazi wake kadi ya matibabu, na kadi ilimhudumia mfanyakazi, mwenzi wake, watoto wake aliowazaa, na wazazi wake wa damu. Haikuhudumia mkwe. Kwa hiyo sindano za sukari za bibi zilitoka kwenye kadi ya Chapuchapu, binti yake wa kumzaa. Dawa za mtoto, na damu alipohitaji kuongezewa, zilitoka kwenye kadi ya Taratibu. Chapuchapu hakuwa na mtoto. Akibaki Taratibu, bibi hana sindano. Akibaki Chapuchapu, mtoto hana damu. Mume angeweza kupiga hesabu hiyo mpaka kesho, asipate jibu lingine.

"Pengine watabadilisha," alisema.

"Watabadilisha nini, kaka?" Chapuchapu akamjibu. "Mlango umeshajengwa."

Bibi akaita kutoka chumbani. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu.

"Msije mkagombana kwa ajili yangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Mama, nyamaza bwana," Chapuchapu akasema. "Nani kakwambia tunagombana?"

"Nasema tu. Mtoto kwanza."

Alisema hivyo, na alimaanisha. Kisha akaanza kulia polepole, kwa sababu kumaanisha jambo ni kitu kimoja na kuogopa kufa ni kingine. Chapuchapu akaenda kukaa naye. Mume akaviosha viazi mara ya pili. Taratibu alibaki amesimama na mkoba begani. Moyoni, bila kuomba ruhusa ya mtu, aliwaza: mtoto kwanza, kasema mwenyewe. Akajichukia kwa kulishika neno lile haraka hivyo.

* * *

Siku zilizofuata Taratibu alipangiwa kumsaidia fundi kumfundisha Kuku. Kamera ilipiga picha ya sahani, picha ikatokea kwenye kompyuta, naye akaambiwa aoneshe kwa kidole kipi kichukuliwe na kipi kiachwe. Vilivyogusana viachwe. Vilivyo pembeni kabisa viachwe. Kuku alishika haraka. Sindano zake zilishuka zote kwa pamoja, zikagusa, zikapanda, zikaoshwa kwa moto na kurudi, hazikuchoka wala kuomba kwenda msalani. Taratibu alikuwa anaifundisha kazi iliyomlisha, na kila aliposema "hapo sawa" alihisi ametoa kitu ndani ya nyumba yake akakiweka nje.

Trei ya kwanza ilipotoka aliikagua, akashtuka.

"Imeacha mapengo," akasema. "Tazama. Hapa, na hapa. Vitundu vitupu."

"Ndiyo," fundi akasema.

"Si itagombezwa?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Na nani? Sahani haikuwa na vipele vya kutosha. Haikuona cha kuchukua, ikaacha. Kwani nyinyi mlikuwa mnafanyaje?"

Walikuwa wanaziba. Wadonoaji wote waliopita kwenye meza ile waliziba. Msimamizi wa zamani, ambaye alishastaafu zake, alikuwa na kawaida ya kuinua trei kwenye mwanga na kuuliza mbele za watu, "Nani huyu kaniletea mapengo? Ameng'oka meno?" Aliyeleta mapengo alirudishwa mezani wenzake wakienda nyumbani. Kwa hiyo vipele vikiisha kwenye sahani na trei haijajaa, unarudi kwenye kipele kikubwa ulichokwisha kukigusa, unachovya tena, unajaza. Kitundu chenye kitu hakina maswali. Taratibu alifundishwa hivyo na aliyemtangulia. Chapuchapu alipoingia kazini, Taratibu ndiye aliyemketisha kando yake na kumfundisha. "Ziba tu, wifi," alimwambia. "Hakuna anayejua."

"Zamani ilikuwa vigumu kujua," fundi aliendelea, akipangusa mdomo. "Siku hizi kila kitundu kinasomwa. Kila ukoo una alama zake, kama vidole vya mtu. Ukichovya kipele kimoja mara mbili, wanatoka mapacha. Mkuu wenu ameziona trei za nyuma, ameona mapacha tele. Unadhani mashine hii imenunuliwa kwa nini? Na nikwambie, siku ya kupimwa ndicho watakachokiangalia kwanza. Pengo acha pengo. Ukiziba, umekwisha."

Alimwambia kwa wema tu. Mkewe naye alikuwa mfanyakazi mahali, na alimwonea Taratibu huruma.

Taratibu alishukuru. Alivua glavu, akavaa nyingine, akaendelea kuonesha kwa kidole. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba akifika nyumbani atamwambia wifi yake kila kitu. Hakusita hata kidogo. Tuseme ukweli kwa upande wake: wakati ule alimaanisha.

* * *

Lakini jioni ile mtoto alishikwa. Walimkuta amejikunja mkekani, baba yake amemwekea chupa ya maji ya moto kwenye magoti na hajui la kufanya zaidi. Taratibu akambeba mgongoni, mkubwa vile, mpaka hospitali.

Dirishani palikuwa na foleni. Mbele yao alisimama mwanamume mwenye shati la kazini, shati zuri lenye nembo mfukoni, amemshika mkewe mjamzito mkono. Karani alichukua kadi yake, akaipitisha kwenye kifaa, akaipitisha tena, akairudisha chini ya kioo.

"Imefungwa."

"Haiwezi kuwa imefungwa. Nimeitumia juzi."

"Juzi ilikuwa wazi. Leo imefungwa. Kazini wamekutoa?"

Mwanamume aligeuka kuangalia foleni. Ni jambo la ajabu: wote waliokuwa nyuma yake waliangalia sakafu, kama waliomkuta mtu bafuni. "Wamesema tusubiri kuitwa," akasema.

"Basi subiri pembeni, kaka. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Taratibu. Kadi yake ilipita mara moja, kifaa kikalia vizuri, karani akatabasamu. Mtoto akapewa kitanda, drip na dawa ya maumivu. Taratibu alipoinuka kwenda kumtafutia maji, alimwona yule mwanamume bado amesimama pembeni, ameitoa kadi, anaipangusa kwenye shati. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta. Taratibu alitaka kumpa pole lakini alipita haraka kama anayeogopa kuambukizwa.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Chapuchapu alimchukua mtoto mapajani akaanza kumkanda miguu. Alikuwa na mikono ya kasi kwa kila kitu isipokuwa kwa mtoto yule. Alimkanda polepole, akimsimulia habari za Kuku: kwamba Kuku hatagi, kwamba Kuku anaogopa vumbi, kwamba Mkuu wa maabara amemnunulia Kuku kiyoyozi ilhali binadamu walikuwa wanapepewa na feni bovu. Mtoto akacheka kidogo.

"Wifi," Taratibu akaanza.

"Ee."

"Kesho..."

"Kesho wala usiniambie," Chapuchapu akasema. "Mimi sina wasiwasi. Nitajaza trei yangu pomoni, kitundu kisibaki. Wakitaka jicho waangalie jicho, wakitaka kasi waangalie kasi. Atakayebaki abaki kwa haki. Au siyo?"

Angalia, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja lilitosha. Usizibe. Taratibu alimtazama mwanawe, magoti yaliyovimba, mikono ya shangazi yake juu ya magoti hayo.

"Ndiyo," akasema. "Kwa haki."

Akaenda jikoni, akasimama mbele ya sinki lisilo na chombo. Mumewe akaja nyuma yake akamuuliza kama ana neno. Akasema kichwa kinamuuma.

* * *

Siku ya kupimwa waliketishwa migongo ikitazamana, kila mmoja na sahani zake. Kuku alikuwa kwenye kona yake, amewashwa, anavuma. Mkuu wa maabara aliwatakia kila la heri, akatoka. Fundi alibaki akisoma gazeti.

Taratibu alidonoa kama anavyodonoa siku zote, mkono thabiti, kipele baada ya kipele. Vilipoisha kwenye sahani aliona vitundu vimebaki. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kipele kikubwa, kwa mazoea ya miaka yote ile, naye akaurudisha. Aliviacha vitundu vitupu. Viliwaka kwenye mwanga vikimtazama, na aliona aibu ya kweli, aibu ya mtu aliyeacha kazi nusu, hata alipojua kwamba ndiyo kazi yenyewe. Nyuma yake alisikia vijiti vya Chapuchapu vikidondoka kwenye ndoo ya taka, tak, tak, tak, bila kupumzika. Wifi yake alikuwa anaziba. Kila kijiti kilichodondoka kilikuwa sindano ya bibi.

Hakuweza kuvumilia. Aliinuka, akamwonesha fundi kwa ishara kwamba anakwenda msalani, na huko alitapika mpaka akabaki anatapika mate. Alijiosha uso. Alijitazama kwenye kioo, akasema kwa sauti, peke yake, "Ana selimundu. Ningefanyaje?"

Aliporudi, trei zote mbili zilikuwa zimefunikwa na kuwekwa kwenye toroli. Fundi alikuwa anakunja gazeti.

"Nimekufunikia," Chapuchapu akasema. "Vipi, tumbo?"

"Nafuu."

"Usijali. Imekwisha."

* * *

Majibu yalichukua siku kadhaa. Siku hizo ndani ya nyumba watu walikuwa wapole kupita kiasi. Mume alipika vizuri. Bibi hakulalamika miguu. Taratibu alimfulia wifi yake nguo bila kuombwa, na Chapuchapu akamwambia, "Wewe, utanifanya nijione mgonjwa."

Kisha Mkuu wa maabara akawaita, wote wawili, wakae viti viwili mbele ya meza yake.

"Nimesikitika," akaanza, na sauti ilikuwa laini kuliko siku zote. "Nilitegemea angalau mmoja."

Aliwageuzia kompyuta. Palikuwa na picha za trei tatu. Ya mashine ilikuwa na mapengo. Mbili nyingine zilijaa, na vitundu vingi vilikuwa vimezungushiwa wekundu.

"Wekundu ni mapacha. Kipele kimoja, kitundu zaidi ya kimoja. Hii ni yako," alimwambia Chapuchapu. "Na hii ni yako," alimwambia Taratibu. "Yako ni mbaya kuliko yake. Mnajua hasara yake? Tunasoma kitu kilekile tena na tena tukidhani ni vitu vipya."

Taratibu aliangalia picha ya trei yake. Hapakuwa na pengo hata moja.

"Hii siyo..." alianza.

"Ina mwandiko wako pembeni."

Mwandiko ulikuwa wake. Alifungua mdomo aseme, mimi niliacha mapengo, niliyaacha makusudi, nilijua. Wifi yake alikuwa amekaa kando yake, goti kwa goti. Angelisemaje hilo, mbele yake? Angesema alijua kutoka kwa nani, na tangu lini, na kwa nini alijua peke yake? Aliufunga mdomo. Chapuchapu alikuwa ameinamisha kichwa, anachuna ngozi ya kidole.

"Atakayemhudumia Kuku ni dada wa usafi," Mkuu wa maabara akasema. Jina la utani lilikuwa limemfikia hatimaye. "Kufungua kifuniko na kufunga hakuhitaji ujuzi. Nanyi nitawaandikia barua nzuri, niaminini. Kadi zenu zitakuwa wazi mpaka mwisho wa mwezi."

Aliwapa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa sababu ya kiyoyozi.

* * *

Walitoka getini. Mlinzi aliwaita kwa majina yao ya utani, akawatania kwamba leo wamewahi kutoka, nao wakamjibu kama siku nyingine. Walitembea mpaka penye ukuta mfupi wa kituo cha mafuta. Chapuchapu akakaa.

Taratibu alikuwa na hasira sasa, na hasira ilimpa nafuu. Alikwisha kuamua kwamba fundi ndiye aliyebadilisha, au Mkuu, au dada wa usafi alikuwa na mtu wake. Alitafuta wa kumlaumu kila mahali isipokuwa pale alipokaa.

"Wifi," Chapuchapu akasema, "nisikilize kwanza, kisha unipige ukitaka."

"Nikupige kwa nini?"

"Ile trei yako. Ulipokwenda msalani niligeuka. Nikaiona imejaa mapengo. Nikasema, masikini, akili yake iko kwa mtoto, ameshindwa hata kumaliza, ataumbuka mbele ya watu." Alikuwa analia tayari, machozi yanamtiririka na hayapangusi. "Fundi alikuwa na gazeti lake. Nikavuta trei yako haraka haraka nikakuzibia. Yote. Nikatumia kipele kimoja hichohicho, kile kikubwa, sikuwa na muda wa kuchagua. Ndiyo maana yako imekuwa mbaya kuliko yangu."

Gari liliingia kituoni, mhudumu akalikimbilia.

"Nilitaka tuwe sawa," Chapuchapu akasema. "Nilisema wakichagua, wachague kati ya watu wawili waliomaliza. Sikujua kuhusu mapacha. Nakuapia sikujua. Ningekuacha ulivyo, wewe ndiye ungebaki leo. Mtoto angebaki na kadi. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto hospitalini, wifi, kwa mkono wangu huu."

Aliunyoosha mkono wenyewe, kama mtu anayeonesha jeraha.

"Usiseme hivyo," Taratibu akasema.

"Kwani uliacha kwa nini? Ulichoka?"

Hapo palikuwa na nafasi nyingine. Si kila mtu hupewa mara mbili. Taratibu aliuangalia uso wa wifi yake, uliovimba, usio na shaka yoyote, na akaona kwamba akiusema ukweli sasa hautamrudishia mtu yeyote dawa. Ungevunja tu kile kilichobaki. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kweli nyingine ni kwamba aliogopa.

"Nilichoka," akasema.

"Nilijua. Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe."

Chapuchapu alimkumbatia palepale ukutani, watu wakipita. Taratibu alisimama ndani ya mikono ile, mikono yake mwenyewe imening'inia, mpaka akakumbuka kuiinua.

* * *

Nyumbani Chapuchapu hakungoja kuulizwa. Alisimama katikati ya chumba akasema yote, na yote aliyabeba yeye: kwamba wote wawili wametolewa, kwamba wifi yake alikuwa na nafasi ya kubaki, kwamba yeye ndiye aliyemharibia kwa ujinga wake. Mume alikaa chini kwenye stuli ya jikoni na kisu mkononi. Alimwangalia dada yake, akamwangalia mkewe. Baadaye akauliza kadi zinafungwa lini, na alipoambiwa, akatikisa kichwa tu.

Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa na nafuu siku ile.

Bibi akaomba asaidiwe, aje sebuleni. Walimshika huku na huku wakamketisha. Alikuwa amesikia kila kitu kama kawaida yake.

"Njoo hapa, mwanangu," alimwambia Taratibu.

Taratibu akaenda, akapiga magoti mbele yake kwa sababu kiti kingine hakikuwepo. Bibi akamshika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa baridi, na ncha zake hazikuhisi kitu siku hizi, kwa hiyo alishika kwa nguvu kuliko alivyodhani.

"Mwingine angemlaani huyu," akasema, akimwonesha bintiye kwa kidevu. "Mwingine angesema, umeniulia mtoto. Wewe umemsamehe barabarani, hata nyumbani hamjafika. Nimekaa nikawasikiliza siku zote hizi nikawa nahofu. Nilisema moyoni, shida hii itawafanya wauzane. Hamkuuzana. Tumekosa kila kitu, lakini hilo hatukulikosa."

Mume akajifuta macho kwa mkono uleule ulioshika kisu.

"Mimi sina cha kukupa," bibi akaendelea. "Nina dua tu. Mungu akutendee wewe na mwanao vilevile ulivyomtendea wifi yako."

"Amina," mume akasema.

"Amina," Chapuchapu akasema, kwa sauti kubwa kuliko wote, na kikwifukwifu ndani yake.

Bibi alikuwa bado amemshika mikono, anangoja. Wote walikuwa wanamtazama. Taratibu akasema amina.